Boksi Litapinduliwa

Muuza maua anayepokea oda kwa WhatsApp, kabla ya kufunga mzigo, kwanza huumwagilia mche maji mengi usije ukapata kiu njiani. Hofu yake inaeleweka, ila ndiyo inayoharibu mizigo. Gizani mimea mingi hufunga vitundu vya majani yake, na hewa ya ndani ya katoni hujaa unyevu upesi, kwa hiyo katika safari ya siku mbili tatu mche hupoteza maji kidogo tu. Udongo uliolowa chepechepe, kwa upande wake, ni mzito. Humwagika kutoka kwenye kiriba, hulegeza boksi na kuyapaka majani tope, na hapo ukungu umepata makao. Anayebuni kifungashio cha mche ashughulike kwanza na mizizi isichezecheze, kisha hewa na joto. Maji yaje mwisho.

Ushahidi ni wa zamani. Mwaka 1833 daktari wa London, Nathaniel Ward, alipakia makangaga na nyasi kwenye masanduku ya vioo yaliyozibwa barabara na kuyapeleka Sydney kwa meli. Mimea ilikaa baharini miezi kadhaa ikafika hai, kwani maji kidogo ya mwanzo yalizunguka humo humo na vioo vilizuia upepo wa chumvi. Miaka 60 baadaye, 1893, mtaalamu wa kilimo Mjerumani, Richard Hindorf, aliagiza miche michanga 1000 ya mkonge kutoka Florida. Iliyofika Tanga ikiwa hai ilikuwa 62. Mkonge huvumilia ukame kuliko karibu zao lolote la shambani, hivyo ni vigumu kuilaumu kiu peke yake kwa hasara ya namna hiyo.

Wapo watakaosema kwamba mishale ya kuonyesha upande wa juu inatosha. Haitoshi. Anayepanga mizigo kwenye buti la basi saa kumi alfajiri anatafuta nafasi, si maandishi, na wala huo si uzembe. Ndiyo kazi yake. Boksi litalazwa, litapinduliwa, na gunia la vitunguu litawekwa juu yake. Kwa hiyo kata duara la kadibodi lenye mpasuko hadi katikati, lizungushie shina, lifunike uso wa udongo, kisha pitisha selotepu juu yake kwa msalaba hadi chini ya chungu. Chungu chenyewe kibanwe kwenye tundu la kadibodi nyingine iliyogundishwa sakafuni mwa boksi, majani yasiguse kuta. Boksi likitikiswa na kugeuzwa kichwa chini, kisisikike kitu kikicheza ndani. Kikisikika, lifunguliwe lifungwe upya.

Joto ni adui mgumu zaidi, kwa kuwa mche gizani unaendelea kupumua na kula akiba yake ya sukari, na upumuaji huo huongezeka takriban maradufu kila joto linapopanda nyuzi 10. Matundu ya pembeni, karibu na juu, husaidia. Lakini matundu hayo hayo huingiza ethilini, gesi inayotolewa na matunda yanayoiva, ambayo huangusha majani na maua. Boksi likisafiri na matenga ya maembe mabivu, mteja anaweza kupokea vijiti. Hata hivyo bado ningetoboa: maembe huenda yasiwepo, joto lipo kila siku.

Pingamizi zito ni la gharama: nani atatumia nusu saa kufunga mche wa bei ndogo? Na plastiki nayo imebanwa, kwani Kenya ilipiga marufuku mifuko ya kubebea mwaka 2017 na Tanzania 2019. La plastiki ni jepesi. Gazeti lililokunjwakunjwa hubana vizuri kuliko nailoni yenye viputo, na halifungii jasho. La gharama hujibiwa kwa kupunguza mzigo wenyewe. Saintpaulia, ua la milima ya Usambara ambalo Walter von Saint Paul-Illaire alimpelekea baba yake Ujerumani mwaka 1892, huota kutoka kwenye jani moja. Kikonyo cha jani hilo kikifungwa kwa karatasi yenye unyevunyevu tu, mzigo wote unaingia kwenye bahasha ngumu. Kwa mimea mingine, mizizi isiyo na udongo hufanya kazi hiyo hiyo, na mpakani udongo ndio unaotiliwa shaka zaidi. Cheti cha afya ya mimea bado kitadaiwa, kutoka mamlaka ya afya ya mimea: TPHPA kwa anayetuma kutoka Tanzania au KEPHIS kwa anayetuma kutoka Kenya, hata kama kilichomo ni jani hilo moja.