Samadi Yaweza Kupika na Kulisha Mgomba
Na mwanafunzi wa Kidato cha Nne

Kwetu, katika miteremko ya Kilimanjaro, mkulima hukaa ndani ya kihamba chake. Juu yapo majani ya migomba, chini yake kahawa, na chini kabisa magimbi na maharage. Ng'ombe hawaendi malishoni. Hufungwa bandani, wakaletewa majani ya kukatwa na vigogo vya migomba, na samadi yao hurudishwa shambani. Kwa njia hiyo ardhi ile ile imelimwa na vizazi vingi bila kuchoka. Lakini kuna kitu kimoja ambacho kihamba hakitoi cha kutosha, nacho ni kuni. Mama zetu na dada zetu huzifuata mbali au huzinunua, na moshi wake huwaumiza macho na kifua. Miti nayo hupungua, na wahenga walisema, bandu bandu huisha gogo.

Likizo iliyopita palikuwa na mashauri nyumbani kwetu juu ya kujenga mtambo wa bayogesi. Mama alitaka sana ujengwe. Baba mkubwa hakukataa, ila aliuliza swali moja: samadi ikipelekwa jikoni, mgomba utakula nini? Swali hili ni la haki, maana shamba likikosa samadi tutakosa ndizi na kahawa. Tena najua kuwa wazazi wengi wanalo. Kwa hiyo nimeonelea nilijibu hapa, kwa kadiri tulivyofundishwa katika Kemia na Kilimo.

Kwanza yafaa tufahamu bayogesi ni nini. Mwaka 1776 mtaalamu wa Italia, Alessandro Volta, alikusanya mapovu yaliyopanda kutoka katika tope la Ziwa Maggiore, akaona kwamba hewa yake huwaka moto. Hewa hiyo leo twaiita methani. Hutokea mahali ambapo vitu vilivyokuwa na uhai huoza pasipo oksijeni, kwa kazi ya vijidudu visivyoonekana kwa macho. Tumbo la ng'ombe lina vijidudu vya namna hiyo hiyo, ndiyo maana samadi mbichi huja na mbegu yake tayari.

Mtambo wa bayogesi ni tumbo la pili tunalomjengea ng'ombe chini ya ardhi. Fundi huchimba shimo, akajenga kuba la matofali na saruji lisilopitisha hewa. Upande mmoja lipo birika la kuchanganyia samadi na maji, kwa kawaida ndoo moja kwa ndoo moja. Gesi hukusanyika juu ya kuba na kwenda jikoni kwa bomba. Upande wa pili upo mlango ambao tope lililokwisha kutoa gesi husukumwa nje. Mtambo mpya huhitaji wiki kadhaa kabla ya kuwaka vizuri, kwa sababu gesi ya mwanzo huwa na hewa ya ukaa nyingi.

Sasa tupige hesabu. Ng'ombe aliyefungwa bandani hutoa samadi kiasi cha kilo 10 kwa siku, au zaidi akiwa mkubwa na kushiba. Kilo 1 hutoa gesi ya lita 30 hadi 40. Basi ng'ombe wawili, kwa kilo 20, watatoa lita 600 hadi 800. Jiko moja la nyumbani hutumia lita 300 hadi 400 kwa saa, kwa hiyo twapata moto wa saa mbili hivi. Moto huo watosha chai ya asubuhi na ndizi za jioni, lakini makande ya kuchemka muda mrefu yatahitaji ng'ombe zaidi. Katika nyumba zilizo juu sana mlimani, wakati wa baridi gesi hupungua, kwa sababu vijidudu hufanya kazi polepole.

Turudi kwa swali la baba mkubwa. Methani imefanywa kwa vitu viwili tu, kaboni na haidrojeni. Mwenziwe ndani ya bomba ni hewa ya ukaa, iliyo kaboni na oksijeni. Je, mgomba hutaka nini katika samadi? Hutaka hasa naitrojeni, fosforasi na potasiamu. Vitu hivi vitatu havimo katika methani wala katika hewa ya ukaa. Karibu vyote hubaki katika tope, na sehemu ya naitrojeni hugeuka kuwa namna ambayo mizizi huinyonya upesi kuliko ile ya samadi mbichi. Hivyo jiko halimnyang'anyi mgomba chakula chake.

Mwizi wa kweli ni jua. Naitrojeni ile iliyo tayari huruka hewani kwa urahisi tope likiachwa wazi. Mkulima anayelimwaga tope uani likakauka atakuja kuulaumu mtambo bure. Kwa hiyo hapana budi kushika mambo haya. Kwanza, shimo la tope lifunikwe. Pili, tope lipelekwe shambani asubuhi au jioni, na lifukiwe kwa udongo kuzunguka shina. Tatu, matandazo ya majani ya migomba yaendelee, maana sehemu ya kaboni iliyoondoka na gesi ilikuwa chakula cha udongo, nayo yafaa irudishwe. Nne, tope ni zito kubebwa. Kwetu milimani mtambo ujengwe juu ya shamba, ili tope literemke lenyewe kwa mfereji. Tena moto usikaribie mtambo unaofunguliwa, wala mtu asiingie ndani yake.

Nchini Tanzania kazi hii ina umri mkubwa. Shirika la SIDO lilianza kujenga mitambo mwaka 1975, na tangu miaka ya 1980 kituo cha CAMARTEC kilichopo Arusha kimeieneza mitambo ya kuba. Mwaka 2024 Serikali ilitoa mkakati wa nishati safi ya kupikia, unaotaka asilimia 80 ya Watanzania wawe wakiitumia ifikapo mwaka 2034. Hata hivyo, si kila nyumba itafaa kwa bayogesi. Gharama ya saruji na fundi ni kubwa kwa mkulima mdogo, maji yatakiwa kila siku, na mtambo usiolishwa hufa kama mfugo usiolishwa.

Ndugu wanafunzi, likizo inakaribia. Tufikapo nyumbani tusianze kwa kubishana na wazee. Tupime samadi ya banda kwa ndoo siku saba, tuhesabu ndoo za maji zinazopatikana, na tuangalie ni wapi juu ya shamba panapofaa kuchimbwa. Kisha tuweke hesabu hizo mbele ya baba na mama, nao wataamua wakijua wanachokiamua.