Katika Kituruki, Sababu Hutangulia

Hasta olduğum için gelmedim. Mturuki ambaye jana hakufika kazini husema hivyo, na bosi wake husikia habari za ugonjwa kabla ya kusikia kwamba mtu hakuja. Hasta ni mgonjwa, olduğum ni kuwa kwangu, için ni kwa ajili ya, gelmedim ni sikuja.

Ufundi wote umo katika olduğum. Shina ol- lina maana ya "kuwa". Kiambishi -duğ- hulifanya kuwa jina la jambo la kweli, kisha -um huongeza "-angu". Sentensi nzima, "nilikuwa mgonjwa", imegeuka kitu chenye mwenyewe. Nasi twasema "kwa kuchelewa kwake tulikosa basi", ila kwetu hiyo ni njia ya uchochoroni, kwao ndiyo barabara kuu. Kiambishi chenyewe hufuata irabu iliyokitangulia: geldiği, aldığı, okuduğu, gördüğü; yaani kuja, kuchukua, kusoma na kuona kwake.

Liko pia çünkü, neno lenye asili ya Kiajemi, ambalo hukaa kama "kwa sababu" yetu: Gelmedim, çünkü hastaydım. Taasisi ya Lugha ya Kituruki, iliyoundwa 1932, ilisimamia kazi ya kuondoa maneno mengi ya Kiarabu na Kiajemi, lakini çünkü halikung'oka. Sebep nalo lipo hadi leo, ndugu wa damu wa "sababu", kwani yote mawili yametoka Kiarabu.

Linalonivutia kuliko yote ni diye, lililozaliwa na kitenzi cha kusema. Yağmur yağar diye şemsiye aldım: nilichukua mwavuli nikihofia mvua itanyesha. Huenda halikuanguka hata tone, na sentensi bado ni sahihi, maana iliyotajwa ni fikra ya mchukua mwavuli. Ukisema yağdığı için, umekiri kwamba mvua ilinyesha kweli. "Eti" yetu inakaribia hapo, lakini mara nyingi eti hubeba shaka au kejeli. Diye huweza kuitaja sababu ya mtu bila kuithibitisha wala kuibeza. Ni uadilifu mkubwa uliofichwa ndani ya neno dogo, na ningependa kila anayejifunza Kituruki alijue mapema.

Sababu ikiwa ni jina tupu, msemaji hutoa na hukumu. Yüzünden, lenye yüz, "uso", hulaumu: yağmur yüzünden geç kaldık, tumechelewa, mvua imetuponza. Sayesinde, lenye neno la Kiajemi la kivuli, hushukuru. Mkulima aliyevuna vizuri atasema yağmur sayesinde. Asiyetaka kulaumu wala kushukuru huchukua nedeniyle, na ndilo linalosikika kwenye taarifa ya habari majira ya baridi: kar nedeniyle okullar tatil, shule zimefungwa kwa sababu ya theluji.