Kuku wa nyama kulegea miguu: Soma hii kabla hujaongeza chokaa

Wiki ya tatu ndiyo inayowatoa jasho wafugaji wengi wa kuku wa nyama. Vifaranga wamechanjwa, wanakula vizuri, uzito unapanda. Halafu asubuhi moja unakuta kadhaa wamekaa chini, goti limevimba, mguu umepinda kwa nje. Uwe Kihonda au Bigwa mjini Morogoro, ushauri wa haraka kutoka kwa jirani mara nyingi ni mmoja: ongeza chokaa.

Kuna wakati inasaidia, maana mifupa inahitaji kalsiamu. Lakini kama kinachokosekana ni manganizi au zinki, chokaa ya ziada inazidisha tatizo.

Iko hivi. Kalsiamu na fosforasi kuku anazitumia kwa wingi, ndiyo maana kwenye fomula ya chakula utakuta chokaa, unga wa mifupa na dagaa vikipimwa kwa kilo. Kuna kundi lingine la madini ambalo hupimwa kwa miligramu: zinki, manganizi, shaba, chuma, seleniamu, pamoja na iodini, ile inayofahamika kama madini joto kwenye chumvi.

Viwango vya Baraza la Taifa la Utafiti la Marekani vya mwaka 1994 vinataja miligramu 60 za manganizi, 40 za zinki, 8 za shaba na 0.15 za seleniamu kwa kila kilo ya chakula cha broila. Sasa chukua kilo 100 za chakula. Manganizi yote inayohitajika humo ni gramu 6. Seleniamu ni miligramu 15, pungufu hata ya chumvi unayoishika kwa ncha za vidole viwili.

Kidogo hicho kina kazi kubwa. Kifaranga wa broila anaanza na gramu 40 hivi na ndani ya wiki tano au sita anafika kilo mbili. Mifupa, gegedu na kano za miguu zinapaswa kwenda na mwendo huo, na manganizi na zinki zinahitajika kuzijenga.

Kuku wa kienyeji kule Mgeta au Matombo, kwenye Milima ya Uluguru, anajitafutia. Anachakura, anaokota wadudu, anadonoa majani na udongo. Broila amefungiwa juu ya maranda. Kisichokuwemo kwenye chombo chake cha chakula, hakipati kabisa.

Zinki ipo, ila imefungwa

Mfugaji anaweza kuuliza: mahindi, soya na mashudu ya alizeti si vina madini? Vinayo. Shida ni kwamba nafaka na mbegu zina kitu kinachoitwa faiteti, ambacho hung'ang'ania madini, hasa zinki, yakapita tumboni na kutoka na kinyesi. Kalsiamu ikizidi, kifungo hicho kinakaza zaidi. Ndiyo sababu viwanda vingi huongeza kimeng'enya cha faitesi, kinachovunja faiteti.

Habari ya manganizi ina historia yake. Miaka ya 1930 ugonjwa wa miguu kupinda uliwasumbua sana wafugaji Marekani, na jambo la kushangaza ni kwamba kuongeza unga wa mifupa kuliufanya uwe mbaya zaidi. Mwaka 1936 watafiti wa Chuo Kikuu cha Cornell walionyesha kuwa manganizi ndiyo iliyopungua. Kalsiamu na fosforasi zikizidi, manganizi kidogo iliyopo haifyonzwi vizuri. Karibu miaka 90 imepita, na bado mabanda mengi yanatibiwa kwa kumwaga chokaa tu.

Dalili zinafanana

Manganizi ikipungua, goti hupanuka na ule ukano wa nyuma huteleza kutoka mahali pake. Zinki ikipungua, kuku hudumaa, manyoya yanachakaa, ngozi ya miguu inakuwa na magamba, na mifupa ya miguu inakuwa mifupi na minene. Upungufu wa seleniamu, hasa vitamini E nayo ikiwa haitoshi, huleta maji ya rangi ya kijani au bluu chini ya ngozi ya kifua.

Tatizo ni kwamba miguu hulegea pia kwa kukosa vitamini D, kwa ugonjwa wa Marek au kwa bakteria walioingia kwenye viungo. Kwa macho huwezi kuwa na uhakika. Morogoro ina bahati hapa: Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo (SUA) kinafundisha madaktari wa mifugo na kina hospitali ya wanyama. Kuku wawili watatu waliougua wakipelekwa kuchunguzwa, pamoja na sampuli ya chakula, inaweza kuokoa banda zima.

Na ukano ukishateleza, mguu huo haurudi. Unachoweza kufanya ni kuwakinga waliobaki.

Primiksi haitupwi juu juu

Anayechanganya chakula mwenyewe hupata madini haya kwenye primiksi, mchanganyiko wa madini na vitamini unaouzwa kwenye maduka ya dawa za mifugo. Kipimo kipo kwenye pakiti. Primiksi nyingi hutumika kilo 2.5 au 5 kwa tani, yaani gramu 250 au 500 kwa kilo 100. Tumia mizani, siyo kiganja.

Hapo ndipo wengi wanapoharibu. Gramu 250 zikimwagwa juu ya rundo na kugeuzwa kwa beleshi mara mbili tatu, upande mmoja wa banda utakula madini na mwingine utakula pumba. Njia nzuri ni kuanza na kidogo: changanya primiksi na kilo moja au mbili za pumba laini, ongeza mpaka kilo 10, ndipo uingize kwenye rundo lote na kugeuza tena na tena.

Pakiti ikifunguliwa, ifungwe vizuri na kuwekwa pakavu, pasipo joto. Shaba na madini mengine humo huharakisha kuharibika kwa vitamini, hivyo akiba ya miezi mingi si akiba.

Kuzidisha dozi pia ni hatari, hasa kwa seleniamu, ambayo umbali kati ya kiasi kinachofaa na sumu ni mdogo. Zinki na shaba zisizofyonzwa nazo hutoka na kinyesi. Samadi hiyo ikimwagwa kwenye matuta yaleyale ya mboga mwaka hadi mwaka, metali hizo zinabaki na kujilimbikiza kwenye udongo.