Poti ya Mtoto na Safari ya Kufika Shimoni: Utangulizi

Katika maduka ya vyombo yaliyo jirani na soko la Mpanda, mkoani Katavi, poti ya mtoto huning'inizwa juu pamoja na ndoo na mabeseni. Ipo ya kipande kimoja, bakuli fupi lenye mshikio na egemeo dogo la mgongo. Ipo ya kiti, yenye bakuli la ndani linalochomolewa na mfuniko wake. Zipo pia zenye sura ya gari au bata, na magurudumu chini. Mzazi huuliza bei, huchagua rangi, hulipa na kuondoka. Taaluma hii ya poti ya mtoto ninayokukaribisha, wewe mwanafunzi wa uuguzi, mhudumu wa afya ngazi ya jamii, au mzazi mwenye mtoto anayeanza kukimbia, inaanzia pale dukani.

Historia yake ya kitaalamu ni nzuri kuisoma kupitia makala mbili zilizotoka katika jarida moja la Marekani, Pediatrics. Ya kwanza ni ya mwaka 1962. Daktari T. Berry Brazelton alikuwa amefuatilia watoto 1,170 waliopita mikononi mwake kwa miaka kumi. Wazazi wao aliwashauri wasiharakishe: wangoje mpaka mtoto afikishe kama miezi 18, wamwekee kiti chake mwenyewe sakafuni, wamwache akizoee akiwa bado na nguo zake, na wasimlazimishe. Watoto hao waliweza kutawala haja mchana wakiwa na wastani wa miezi 28.5. Wazo kwamba mtoto ana wakati wake wa kuwa tayari limeenea duniani kwa sehemu kubwa kutokana na kazi hiyo.

Makala ya pili, ya mwaka 1977, ilihusu kwetu, Afrika Mashariki. Marten na Rachel deVries waliishi na Wadigo wa pwani ya Kenya, wakaona mama anaanza kumfundisha mtoto katika wiki za mwanzo kabisa za uhai wake. Mama hukaa chini miguu kainyoosha, mtoto kamkalisha katikati ya mapaja, mgongo wa mtoto ukiegemea kifua chake, kisha humtolea sauti laini ya kumkojoza. Kwa haja kubwa hukunja magoti na kumweka mtoto juu ya miguu yake, wakitazamana. Ikifika miezi mitano au sita, mtoto huyo hukaa mkavu mchana na usiku. Waandishi hao walihitimisha kwamba utayari wa mtoto hutegemea pia utamaduni unaomlea.

Mimi sioni sababu ya kuwagombanisha. Mama wa Kidigo alikuwa na mtoto mwilini mwake kutwa nzima na ndugu wengi wa kumpokea, kwa hiyo alizisoma dalili mapema. Mzazi wa Marekani alikuwa na nepi, mashine ya kufulia na nyumba yenye sakafu, kwa hiyo aliweza kusubiri. Swali la kisomi ni lile la mahali: huyu mzazi wa huku Katavi, wa Makanyagio, wa Nsimbo, wa Mishamo, ana nini mkononi?

Kwanza, mara nyingi ana choo cha shimo. Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973, iliyowakusanya watu wazima kama milioni mbili kuzunguka redio, iliwahimiza Watanzania wachimbe vyoo, na katika miaka yetu kampeni ya Nyumba ni Choo imeendeleza kazi hiyo. Ni mafanikio makubwa. Lakini tundu la choo hupimwa kwa miguu ya mtu mzima. Mtoto wa miaka miwili akisimama pale anaona giza na upana unaoweza kummeza, na anaogopa kwa haki kabisa, maana hatari ya kutumbukia ni ya kweli. Amekuwa mkubwa mno kupakatwa na mdogo mno kwa shimo. Basi anakwenda nyuma ya nyumba. Kazi ya poti ni kuziba pengo hilo la mwaka mmoja au miwili.

Hapa tunakutana na imani iliyozoeleka mno, kwamba kinyesi cha mtoto hakina madhara. Kina vimelea kama cha mtu mzima, na mara nyingi zaidi, kwa sababu watoto ndio wanaougua kuhara na minyoo kwa wingi. Mayai ya mnyoo aitwaye askarisi yakiangukia udongo wenye unyevu na kivuli huhitaji wiki chache tu kukomaa hadi kuweza kuambukiza, na yanaweza kudumu humo miaka. Inzi anayeeneza vikope, yule anayetua machoni mwa watoto, huzaliana katika kinyesi cha binadamu kilichoachwa wazi juu ya ardhi, wala hapendi kuzaliana ndani ya shimo la choo. Jambo hili hunishangaza kila ninapolifundisha: shimo lililo hatua ishirini tu kutoka uani linamnyima inzi huyo makazi, ilimradi kinyesi kifike humo.

Kwa hiyo ushauri wangu wa dukani unaanza chini, kwenye bakuli, kabla ya kufika kwenye kiti. Pitisha kidole ndani. Kama kuna kona, mikunjo au kingo ambazo uchafu utanasa, iache. Katavi ina msimu mmoja wa mvua, na ukishapita, maji ya kuoshea huwa ya kuteka na kubeba. Poti laini ya kipande kimoja husafishika kwa kikombe cha maji na sabuni kidogo, ilhali ile ya bata itakudai nusu ndoo. Maji hayo ya kusuuzia nayo yaende shimoni. Kisha tazama mshikio, kwa sababu anayebeba poti si lazima awe mama. Msimu wa mpunga au tumbaku wazazi wakiwa shambani, anayebaki na mdogo ni dada au kaka wa miaka minane au tisa, na poti nzito isiyo na mshikio itamwagika njiani au itamwagwa pale karibu. Mfuniko ni wa thamani kuliko rangi.

Ndipo uje kwenye kiti. Kitako cha poti kiwe kipana ili isipinduke mtoto akiegemea. Nyayo zake zikanyage chini bapa na magoti yainuke kidogo kupita nyonga. Mkao huo unaokaribia kuchuchumaa hulegeza na kunyoosha njia ya haja, na mtoto hupata pa kusukumia. Poti ndefu inayomwacha akining'iniza miguu humfanya akaze. Ile ngao ndefu ya mbele ya kuzuia mkojo wa wavulana huumiza mtoto anapopanda, na akishaumia harudi kwa hiari. Magurudumu mimi nayakataa moja kwa moja.

Kuumia huko kuna uzito kuliko wazazi wengi wanavyodhani. Mtoto aliyepata choo kigumu hukumbuka maumivu, hujizuia, na choo alichokizuia hukauka zaidi. Akikataa poti, kabla ya kumkaripia, uliza anakunywa maji kiasi gani na kama anapata matunda, mboga na maharage. Kumpiga kunaongeza tu kujizuia.

Nisingependa uingie katika uwanja huu ukidhani poti ni dawa. Katika Bungoma, Kakamega na Vihiga, nchini Kenya, utafiti mkubwa uliochapishwa mwaka 2018 ulizipa familia vyoo vilivyoboreshwa, poti za watoto na vichoteo vya kinyesi. Kuhara hakukupungua. Utafiti pacha wa Bangladesh, wenye vifaa vinavyofanana na hivyo, ulishusha kuhara kutoka asilimia 5.7 hadi 3.5. Tofauti hiyo bado inajadiliwa: mifugo inayozunguka uani, majirani wasio na choo, kiasi cha matumizi yenyewe. Mkoa wa Katavi, uliokuwa na watu 564,604 mwaka 2012 na kufikia 1,152,958 mwaka 2022, una nyumba nyingi mpya, nyua nyingi mpya na watoto wengi, na watafiti wachache wa jambo hili. Nafasi yako ipo.

Anza na swali ambalo tafiti za afya ya kaya huuliza nchi nyingi: mara ya mwisho mtoto alipojisaidia haja kubwa, kinyesi kilipelekwa wapi? Liulize kliniki siku ya kupima uzito, kwa upole, na muulize pia aliyekibeba. Andika majibu kama yalivyo, hata yale ya "tulimrushia mbwa" na "alikifukia dada yake", kisha omba kuonyeshwa chombo kilichotumika.