Nishani za Kapteni Lugard na askari wa Khedivi waliosahauliwa

KASESE. Chumvi ya Katwe haina habari na mipaka. Huchimbwa katika ziwa dogo la volkeno lililo karibu na mstari wa ikweta, ikapakiwa magunia, ikafika Bwera, na kutoka hapo ikavuka mto Lubilia kuingia Kongo, ambako wanunuzi huisubiri kama walivyoisubiri babu zao.

Kwa ajili ya chumvi hiyo, mwaka 1891, ofisa mmoja Mwingereza alijenga ngome hapo Katwe na kuiita Fort George. Jina lake ni Kapteni Frederick Lugard. Miaka miwili kabla yake, Stanley alikuwa amewakuta Katwe abarusura, askari wa Kabarega, Mukama wa Bunyoro. Lugard alijua hesabu ya mambo: aliyeshika ziwa ndiye anayekula ushuru, na Kabarega akinyimwa ushuru hanunui bunduki.

Lugard hakuwa mgeni wa vita. Alizaliwa Madras, India, mwaka 1858, akasoma chuo cha kijeshi cha Sandhurst, na mwaka 1878 akawa ofisa katika kikosi cha Norfolk. Alipigana Afghanistan, akapata medali. Mwaka 1885 alikuwa Suakin, pwani ya Sudan, akapata medali ya Misri pamoja na nyota ya shaba ambayo Khedivi, mtawala wa Misri, aliwapa askari wa Uingereza. Baada ya Burma, mwaka 1887, alipewa nishani ya DSO, iliyoanzishwa mwaka mmoja tu kabla. Nishani hiyo ilikuwa ya maofisa peke yao. Askari wa kawaida, hata angefanya ushujaa gani, hakuhesabiwa. Mwaka 1888 akapigwa risasi ya mkono huko Karonga, kando ya Ziwa Nyasa. Alipofika Uganda, Desemba 1890, aliajiriwa na kampuni ya biashara, Imperial British East Africa.

Ile nyota ya shaba ndiyo yenye kisa. Kutoka Katwe Lugard alishika njia ya kaskazini, akipita kando ya Rwenzori, akavuka mto Semliki mpaka Kavalli, magharibi ya Ziwa Albert, ambako leo ni mkoa wa Ituri. Huko aliwakuta askari Wasudani wa Emin Pasha, chini ya Selim Bey. Nao pia walikuwa watu wa Khedivi. Misri ilikuwa imewaacha huko miaka mingi bila mshahara, lakini walijihesabu bado wako kazini. Selim Bey alikuwa mgumu: hatahama mpaka Khedivi aseme. Lugard alimbembeleza hadi akakubali kumfuata, huku wakingoja idhini ya Cairo.

Basi watu wawili waliomtumikia mtawala mmoja walikutana Kavalli. Mmoja alikuwa amemtumikia vita moja akatunukiwa nyota. Mwenzake alimpa maisha yake na akaachwa bila mshahara.

Askari hao walikuwa mamia, lakini pamoja na wake, watoto na wafuasi walikuwa maelfu. Lugard aliwapanga wengi wao katika ngome za Toro kumzuia Kabarega. Hawakupewa posho ya kutosha, wakala jasho la wenyeji, na malalamiko ya Batoro hayakukawia. Ni vigumu kumlaumu askari mwenye njaa peke yake na kumwacha aliyemweka pale.

Lugard aliendelea kupanda: Nigeria, Hong Kong, Nigeria tena, hadi akawa Lord mwaka 1928. Selim Bey alikamatwa na Waingereza mwaka 1893 kwa kushukiwa kuwaunga mkono Waislamu wa Buganda, akafia njiani akipelekwa pwani. Watu wake ndio waliokuwa shina la Uganda Rifles mwaka 1895. Miaka miwili baadaye baadhi yao waliasi, wakilalamikia mishahara midogo na safari zisizokwisha. Mwaka 1902 kikosi hicho kikaingizwa katika King's African Rifles.

Wajukuu wao, Wanubi, wako Bombo na kwingineko, na katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inawataja miongoni mwa makabila ya nchi.