Bangi ya Zamani na Ndoto ya Urubani: Kweli au Si Kweli?

Bahla, hapa Oman, ni mji wa hadithi. Umeshasikia habari za mti wa sokoni uliofungwa minyororo ili majini wasiuhamishe, na za msikiti ulioruka usiku ukatua hapa. Hizo nawaachia wazee. Zinazonishughulisha ni hadithi nyingine za kuruka, wanazonong'onezana vijana wetu barazani finjani za kahawa zikipita: eti aliyeonja bangi alipokuwa masomoni Nairobi au London, akitaka urubani, afanyeje?

"Aliyevuta hata mara moja hawi rubani tena."
Si kweli. Viwango vya Shirika la Kimataifa la Usafiri wa Anga, ambalo Oman, Kenya na Tanzania ni wanachama wake, vinatazama uraibu, maradhi ya akili yaliyoletwa na dawa, na matumizi yenye madhara. Fomu ya Marekani ya afya ya marubani inauliza wazi: umetumia dawa haramu katika miaka 2 iliyopita? Halafu inauliza: umewahi, wakati wowote ule, kuwa mraibu au kukutwa na dawa kwenye kipimo? Angalia vizuri. Kuonja kuna miaka 2; uraibu na kukutwa kwenye kipimo havina muda wa kusahauliwa.

"Siki, ndimu na maziwa husafisha mkojo."
Uongo mtupu. Kemikali ya bangi iitwayo THC hukaa kwenye mafuta ya mwili, na siki haiifuati huko. Aliyevuta mara moja huonekana kwa siku chache. Mvutaji wa kila siku anaweza kuonekana mwezi mzima au zaidi. Ukijijaza maji, maabara hupima kreatinini, kemikali ya kawaida ya mkojo, na kugundua kuwa mkojo umezimuliwa. Hata anayeficha mkojo wa mwenziwe mfukoni ameshafikiriwa: kikombe kina ukanda wa kupima joto ubavuni, na kwa utaratibu wa Marekani husomwa ndani ya dakika 4. Joto lisipokuwa kati ya nyuzi 32 na 38, kuna maswali.

"Ukilala ukaamka, imeshatoka kichwani."
Si kweli, na hii ndiyo inayonitisha kuliko zote. Mwaka 1991 Von Leirer na wenzake, watafiti wa Marekani, walichapisha jaribio la marubani 9 waliovuta bangi yenye miligramu 20 za THC, kisha wakaendesha mashine ya mazoezi ya kurusha ndege. Baada ya saa 24, marubani 7 bado walionyesha kasoro. Aliyejihisi kuwa bado ana kitu kichwani alikuwa mmoja tu. Fikiria kama nyuma ya wale wengine wangekuwa wamekaa abiria.

"Kanada bangi ni halali, basi hakuna neno."
Si kweli. Kanada iliihalalisha mwaka 2018, na mwaka uliofuata ikawakataza marubani wake kuitumia ndani ya siku 28 kabla ya kazi. Na hapa Oman ni kosa la jinai, tena kubwa.

"Mficha maradhi, kifo humuumbua."
Kweli, na wazee wetu hawakuwahi kuiona fomu ya daktari wa anga. Ukidanganya kwenye fomu ya Marekani, adhabu inaweza kufika dola 250,000 na kifungo cha miaka 5. Yaani pafu la ujana ambalo huenda lingesameheka linageuka kosa jipya la mtu mzima, na siku likifumka leseni nayo iko hatarini.

Ndugu yangu, kama bado unavuta, acha kwanza. Kama imekushinda kuacha, sheria ya dawa za kulevya iliyotoka kwa Amri ya Sultani namba 17 ya mwaka 1999 ilifungua mlango: anayejipeleka mwenyewe kutibiwa hashtakiwi. Hospitali ya Al Masarra, kule Amerat, inatibu uraibu. Na kama ni mambo ya zamani yaliyokwisha, kabla hujalipa hata riali moja ya chuo cha urubani, nenda kapimwe afya ya daraja la kwanza, ile ya marubani wa kazi, na kila unaloulizwa na daktari ulijibu kama lilivyo.