Kipimo Kabla ya Saruji

Mfanyabiashara wa Kariakoo anayekwenda Guangzhou mwezi wa Aprili au Oktoba lazima afike Pazhou, zilipo kumbi za Maonyesho ya Canton. Hutazama vigae, pampu na taa, akapatana bei, akarudi hotelini. Mnara wa kale wa orofa tisa ulio jirani hana muda nao. Ulijengwa kati ya 1597 na 1600, zama za Ming, na manahodha wa Ulaya waliokwenda kutia nanga Whampoa waliutumia kama alama ya njia.

Natamani wenzetu wausogelee, maana mji huohuo unatengeneza vifaa vya kupimia majengo kama hayo. Kampuni ya South, iliyoanza 1989, na Hi-Target, ya 1999, zote zina makao Guangzhou, na wapima ardhi wa kwetu wanavifahamu vipokezi vyao vya setilaiti. Kipokezi huonyesha jengo lilipo. Umbo lake huchukuliwa na skana ya leza, inayozunguka juu ya miguu mitatu ikirusha mwanga na kupima unavyorudi, maelfu ya nukta kila sekunde. Droni hupiga picha mapaa. Nukta zote huunganishwa kwenye kompyuta, na kila ufa na kila ukuta ulioinama huonekana kwa milimita.

Skana nzuri bado ni makumi ya maelfu ya dola, kwa hiyo kampuni ndogo ni afadhali ikodi. Droni ni rahisi zaidi, ila inataka kibali. Gharama inayosahaulika ni ya mtu: siku moja uwanjani huzaa siku kadhaa za kuchambua data ofisini, na mchambuzi mzuri hapatikani kwa ujira wa kibarua.

Kazi hii si ngeni pwani yetu. Mradi wa Zamani wa Chuo Kikuu cha Cape Town, uliochukua jina lake kutoka Kiswahili, ulipima kwa leza magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara. Magofu hayo yalikuwa katika orodha ya UNESCO ya urithi ulio hatarini tangu 2004 hadi 2014. Kuta zake ni za matumbawe na chokaa, na bahari inazila taratibu. Kwa vipimo vilivyohifadhiwa, mwashi wa kesho ataweza kujua ukuta ulisimama vipi leo.

Unguja tuliona ubaya wa kuchelewa. Beit al-Ajaib, jumba la Sultan Barghash la 1883, liliporomoka upande mmoja tarehe 25 Desemba 2020 likiwa katika ukarabati, na watu wawili wakafa. Sisemi kwamba leza ingeshika nguzo. Nasema jengo la umri ule linastahili kupimwa mara kwa mara, vipimo vya mwaka huu vikalinganishwa na vya mwaka jana, ili ukuta unaosogea ujulikane mapema.

Kikwazo ni kwenye zabuni. Wafadhili hulipia saruji, mbao na rangi, vitu vinavyoonekana kwenye picha ya uzinduzi. Upimaji huingizwa kama gharama ndogo ya mkandarasi, naye huukata kwanza bei inapobanwa. Ungekuwa mkataba wa peke yake, uliotangulia ukarabati na kulipwa mapema, wapima wa Zanzibar, Mombasa na Dar es Salaam wangepata sababu ya kuagiza skana katika safari yao ijayo ya Pazhou, pamoja na vigae.